Je, ni Reagan aliyeifilisi Urusi, au ni Gorbachev aliyeiuza?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha sita, mchepuo wa HGL. Jumapili iliyopita alibishana na babu yake mpaka chakula kikapoa. Notisi zake zinasema Marekani ilishinda Vita Baridi kwa sababu rais wake, Reagan, aliibana Urusi kwenye mashindano ya silaha, hasa ule mradi ulioitwa Vita vya Nyota, mpaka ikafilisika. Babu yake, yaani baba yangu, alisoma uhandisi Kiev kuanzia 1981 hadi 1987. Yeye anasema hizo ni porojo: nchi ile ilikuwa na nguvu zake, ikauzwa na mtu mmoja, Gorbachev, kiongozi wake wa mwisho. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka redio ilisema Ukuta wa Berlin umeanguka, halafu baada ya muda mrefu ikasema Urusi imevunjika. Kama vita viliisha Ukuta ulipoanguka, ile miaka miwili katikati ilikuwa ya nini? Nani kati yao yuko sahihi? Pia baba ana sanduku la bati lenye barua alizokuwa akimwandikia mama, picha, na vipande vya magazeti. Binti anataka kuvitumia kwenye insha yake. Karatasi nyingine zimeanza kuota ukungu. Tuanzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kusikia kuna nyumba ambayo babu na mjukuu wanagombania historia mezani. Nitaanza na swali lako wewe, lile la miaka miwili, kwa sababu ukilielewa hilo ubishi wao unakuwa mwepesi.

Wanabishana kana kwamba tukio ni moja, kumbe ni mawili. La kwanza ni kwisha kwa uhasama kati ya Marekani na Muungano wa Kisovieti. Huo ulimalizwa kwa mazungumzo, hatua kwa hatua, kati ya 1987 na 1990, na wakati huo madola yote mawili yalikuwa hai na makombora yao mkononi. La pili ni kufa kwa Muungano wa Kisovieti wenyewe, Desemba 1991. Hilo lilitokana na maradhi ya ndani, na aliyekuwa rais wa Marekani wakati huo hakulitaka, nitaeleza. Notisi za binti zinachukua jibu la tukio la kwanza na kulibandika kwenye la pili. Babu naye anachukua uchungu wa la pili na kulaani nao la kwanza.

Kuna neno moja la kurekebisha kabla hatujaenda mbali. Sote tulizoea kusema "Urusi", hata mimi darasani nilisema hivyo miaka mingi. Lakini nchi iliyovunjika haikuwa Urusi. Ilikuwa muungano wa jamhuri 15, na Urusi ilikuwa moja tu kati ya hizo, ingawa kubwa kuliko zote. Kiev, alikosoma baba yako, haikuwa Urusi. Ilikuwa mji mkuu wa jamhuri ya Ukraine. Ukisema "Urusi ilivunjika" huwezi kuelewa ilivunjikaje, kwa sababu ilivunjika kwenye viungio vya jamhuri hizo.

Sasa tumtazame Reagan. Notisi ziko sawa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 hali ilikuwa ya kutisha. Mwaka 1983 ulikuwa mbaya kupita maelezo. Machi mwaka huo Reagan aliuita Muungano wa Kisovieti dola la uovu, na wiki mbili baadaye akatangaza mpango wa kujenga kinga angani dhidi ya makombora, ule uliobatizwa Vita vya Nyota. Septemba mosi ndege ya kijeshi ya Kisovieti ikaitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini, watu 269 wakafa. Wiki chache baadaye, usiku wa Septemba 26, afisa mmoja aitwaye Stanislav Petrov alikuwa zamu kwenye handaki la kuangalia satelaiti karibu na Moscow. King'ora kikalia, mtambo ukaonyesha kombora moja limerushwa kutoka Marekani, kisha mengine manne. Petrov akajiuliza: nani anaanzisha vita vya dunia kwa makombora matano? Akaripoti kwamba mtambo umekosea. Na kweli ulikuwa umekosea. Satelaiti ilidanganywa na mwanga wa jua uliopiga mawingu. Baba yako alikuwa Kiev usiku ule, amelala bwenini bila shaka, na hakuna aliyejua mpaka miaka mingi baadaye.

Lakini je, mpango wa anga ndio uliowafilisi? Hapa notisi zinapotea njia. Kwanza, kinga yenyewe haikujengwa. Fedha nyingi zilitumika kwenye utafiti, mtambo unaofanya kazi haukupatikana, na mpango ukafungwa kwa jina lile mwaka 1993. Pili, wanasayansi wa Kisovieti waliikagua hoja hiyo na wakawashauri wakubwa wao kwamba kuipita kinga ya namna hiyo ni rahisi kuliko kuijenga: ongeza makombora na vichwa vya bandia, basi. Andrei Sakharov, mwanafizikia aliyeshiriki kuunda bomu la haidrojeni la Kisovieti kisha akahamishiwa mji wa Gorky kwa kutetea haki za binadamu, alirudishwa Moscow Desemba 1986, na miezi miwili baadaye akasema hadharani kwamba kinga hiyo si ya kuogopwa na haifai kuzuia makubaliano. Kwa hiyo hawakukimbilia kuiga. Mzigo wa jeshi ulikuwa mkubwa, ndiyo. Wachumi wengi huukadiria kuwa kati ya asilimia 15 na 20 ya pato la taifa, wakati Marekani ilitumia karibu asilimia 6. Ila mzigo huo waliubeba tangu enzi za Brezhnev, kiongozi wao wa miaka ya 1970. Haukuanzia kwa Reagan.

Tena Reagan mwenyewe alibadilika, jambo ambalo notisi nyingi hulisahau. Alichukia silaha za nyuklia kwa dhati. Walipokutana na Gorbachev Geneva, Novemba 1985, walitoa tamko la pamoja kwamba vita vya nyuklia haviwezi kushindwa na havipaswi kupiganwa kamwe. Oktoba 1986 wakakutana tena Reykjavik, kwenye nyumba nyeupe ya mbao iliyo kando ya bahari, na kwa siku mbili wakafika mahali ambapo hakuna msaidizi wao aliyetarajia: walizungumza kuziondoa silaha zote za nyuklia. Mkutano ukavunjika kwa neno "maabara". Gorbachev alitaka utafiti wa kinga ya anga ubaki ndani ya maabara, Reagan akakataa. Wakatoka nje usiku, nyuso zimekunjamana, na dunia ikadhani mambo yameharibika. Kumbe yalikuwa yamefunguka. Desemba 8, 1987, mjini Washington, walitia saini mkataba wa kuteketeza makombora yote ya nchi kavu yenye masafa kati ya kilomita 500 na 5,500. Hadi 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa, mengi zaidi yakiwa ya upande wa Kisovieti, na wakaguzi wa kila upande waliingia kambi za mwenzao na kuyahesabu. Wanajeshi waliofundishwa miaka 40 kuviziana sasa walikaribishana chai.

Mei 1988 Reagan alipokuwa Moscow, mwandishi alimuuliza kama bado anaamini ile ni dola la uovu. Akajibu hapana, hayo yalikuwa ya wakati mwingine. Februari 15, 1989, Jenerali Boris Gromov alivuka daraja la mto Amu Darya kwa miguu, nyuma ya askari wake wa mwisho kutoka Afghanistan, baada ya miaka tisa na askari wapatao 15,000 waliokufa. Kwa hiyo mwanzoni mwa 1989 uhasama ulikuwa umeshapungua sana, na Ukuta bado umesimama.

Tuje kwenye maradhi ya ndani. Hapa naomba binti asome polepole.

Muungano wa Kisovieti ulikuwa na ardhi nzuri ya kilimo, ikiwemo ile nyeusi ya Ukraine, na bado ulinunua nafaka nje kila mwaka, nyingine kutoka Marekani yenyewe. Kilimo cha amri kilikuwa kimechoka. Fedha za kununulia nafaka zilitoka kwenye mafuta na gesi. Mpango huo ulikwenda vizuri bei ilipokuwa juu. Mwishoni mwa 1985 Saudi Arabia, iliyochoka kupunguza uzalishaji wake ili kushikilia bei huku wenzake wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, wakikiuka mgao, ilifungua mabomba. Pipa lililouzwa karibu dola 30 likashuka hadi karibu dola 10 katikati ya 1986. Hazina ya Moscow ikapata pigo ambalo hakuna kombora la Marekani lingelitoa.

Na pigo la pili walijipiga wenyewe. Mei 1985, miezi miwili tu baada ya kushika madaraka, Gorbachev alianzisha kampeni dhidi ya ulevi. Nia ilikuwa njema, kwa sababu vodka iliua wanaume wengi. Lakini kodi ya vodka ilikuwa nguzo ya bajeti. Maduka ya pombe yakafungwa, mizabibu ikang'olewa Moldova na Crimea, watu wakaanza kupika gongo lao, samogon, na kwa kuwa gongo lile hupikwa kwa sukari, sukari nayo ikatoweka madukani. Serikali ikakosa kodi na raia wakakosa sukari.

Halafu kukaja jambo ambalo sisi tuliokuwa watu wazima Tanzania mwaka 1983 tunalielewa bila kufundishwa. Serikali ilishikilia bei za bidhaa palepale, lakini kuanzia 1988 viwanda viliruhusiwa kuamua mambo mengi vyenyewe, vikapandisha mishahara, na pengo la bajeti likazibwa kwa kuchapa noti za rubo, fedha ya nchi ile. Watu wakawa na noti mfukoni na bei imeandikwa ukutani, ila rafu tupu. Wewe ulikuwa mdogo, muulize mama yako kuhusu foleni ya sabuni, kufua kwa majani ya mpapai, kilo ya sukari ya kibali. Bei ikilazimishwa kubaki chini na fedha zikazidi, mali haipungui bei, inakimbilia mlango wa nyuma. Julai 1989 wachimba makaa ya mawe wa Mezhdurechensk, Siberia, waligoma, na mgomo ukaenea mpaka Ukraine. Miongoni mwa madai yao kulikuwa na sabuni. Mtu anatoka shimoni mweusi tii na hana kipande cha sabuni cha kuogea, katika dola lililowahi kumpeleka binadamu wa kwanza angani. Kila ninapofundisha mada hii natua hapo kwanza, kwa sababu wale hawakuwa mabwanyenye wala maajenti wa yeyote. Walikuwa wafanyakazi, wenye dola kwa jina.

Gorbachev aliona uchumi hauponi bila watu kusema ukweli, akaruhusu uwazi, glasnost. Hapo ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ina mkono wake, nami nitairudia chini kwa sababu baba yako ni shahidi. Magazeti yalipofunguka, watu hawakuzungumzia sabuni peke yake. Walizungumzia waliouawa zama za Stalin, na jamhuri za Baltiki zikazungumzia jinsi zilivyomezwa mwaka 1940. Agosti 23, 1989, watu wa Estonia, Latvia na Lithuania walishikana mikono barabarani, wakafanya mnyororo wa watu wenye urefu wa kilomita zaidi ya 600. Hiyo ilikuwa kabla ya Ukuta kuanguka. Umeona viungio vilivyoanza kulegea?

Ukuta wenyewe, uliotenganisha Berlin Mashariki na Berlin Magharibi, haukuangushwa na Reagan, wala Gorbachev hakuamuru uangushwe. Poland ilikuwa imeshafanya uchaguzi Juni 4, 1989, na vuguvugu la wafanyakazi la Solidarity likashinda. Hungaria ilifungua mpaka wake Septemba, Wajerumani Mashariki wakamiminika kupitia huko. Oktoba 9 watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig, na polisi waliokuwa wamejiandaa hawakufyatua risasi. Kisha Novemba 9 jioni, mjini Berlin, msemaji wa chama Günter Schabowski alisoma mbele ya waandishi wa habari karatasi aliyokuwa ameletewa muda mfupi kabla, kuhusu utaratibu mpya wa kusafiri. Utaratibu ule ulipaswa kuanza kesho yake, tena kwa kuomba kibali. Yeye hakuwepo ulipojadiliwa. Mwandishi akamuuliza unaanza lini, akapekua karatasi zake na kujibu kwamba kwa anavyojua yeye, ni mara moja, bila kuchelewa. Habari ikarushwa. Maelfu wakaenda kwenye vizuizi. Katika kizuizi cha Bornholmer Straße afisa wa zamu, Harald Jäger, alipiga simu juu mara kadhaa bila kupata amri ya maana, na kabla ya saa sita ya usiku akafungua geti.

Askari wa Kisovieti zaidi ya laki tatu walikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki usiku huo. Mwaka 1956 vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest. Mwaka 1968 viliingia Prague. Mwaka 1989 vilibaki kambini. Hapa ndipo sifa ya Gorbachev inaposimama, na ndipo lawama ya babu inapoanzia: alikuwa na nguvu za kuzuia na hakuzitumia. Desemba alikutana na Rais George Bush, aliyempokea Reagan madaraka, kisiwani Malta, bahari imechafuka vibaya, na wote wawili wakazungumza kama watu wanaofunga hesabu za zamani. Oktoba 3, 1990, Ujerumani ikawa moja tena. Saddam Hussein alipoivamia Kuwait Agosti mwaka huo, Washington na Moscow zilimlaani kwa sauti moja. Kwangu mimi Vita Baridi viliisha hapo. Wanahistoria wengine huweka alama Malta, wengine 1991. Binti aandike anayoiona ina hoja, ila ataje sababu.

Ile miaka miwili unayoiulizia, basi, ilikuwa ya mvutano wa ndani. Lithuania ilitangaza uhuru Machi 1990. Chama cha Kikomunisti kilipokonywa haki yake ya kutawala peke yake mwezi huohuo. Na hapa nisimpake Gorbachev rangi nzuri kupita kiasi: majeshi yake yaliua watu Tbilisi Aprili 1989, Baku Januari 1990 ambako waliokufa walizidi 100, na Vilnius Januari 1991 ambako raia 14 walikufa karibu na mnara wa televisheni. Lakini kila mara alirudi nyuma. Alitaka kuuokoa muungano kwa mkataba mpya. Machi 1991 kulikuwa na kura ya maoni katika jamhuri tisa, na zaidi ya asilimia 76 ya waliopiga kura walitaka muungano ubaki ukiwa umefanyiwa mageuzi. Jamhuri sita zilikataa kushiriki. Babu akisema "watu hawakutaka ivunjike", ana ushahidi huu mkononi, na binti amheshimu kwa hilo.

Marekani ilikuwa upande gani? Agosti 1, 1991, Bush alisimama mbele ya bunge la Ukraine, palepale Kiev, akawaonya Waukraine dhidi ya utaifa wa kujiangamiza. Hakutaka silaha za nyuklia zigawanyike kwa wenyewe wengi. Kama kuna mpango wa Washington wa kuvunja muungano, rais wa Marekani hakuonekana kuufuata siku ile.

Mkataba mpya ulikuwa utiwe saini Agosti 20. Siku moja kabla, Gorbachev akiwa likizoni Foros, Crimea, makamu wake Gennady Yanayev, mkuu wa shirika la ujasusi la KGB na waziri wa ulinzi walijaribu kupindua. Walimfungia nyumbani, wakajaza vifaru Moscow, na televisheni ikaonyesha dansi ya Swan Lake. Kwenye mkutano na waandishi mikono ya Yanayev ilikuwa ikitetemeka, nchi nzima ikaona. Boris Yeltsin, rais aliyechaguliwa wa jamhuri ya Urusi, akapanda juu ya kifaru mbele ya bunge akawaita watu wakatae. Siku tatu jaribio likafa. Muungano nao ukafa nalo, kwa sababu baada ya hapo jamhuri nyingi hazikuwa tayari kurudi chini ya Moscow. Waliotaka kuuokoa kwa nguvu ndio waliouua, na hili babu hulisikii akilitaja, labda kwa sababu linauma.

Desemba 1 Waukraine walipiga kura, zaidi ya asilimia 90 wakataka uhuru. Bila Ukraine hakukuwa na muungano wa kuzungumzia. Desemba 8 viongozi wa Urusi, Ukraine na Belarusi walikutana kwenye nyumba ya wawindaji katika msitu wa Belovezha, wakaandika kwamba Muungano wa Kisovieti umekoma. Desemba 25 jioni Gorbachev alijiuzulu mbele ya kamera. Kalamu aliyopewa haikuandika vizuri, ikabidi aazime ya Tom Johnson, mkuu wa televisheni ya CNN aliyekuwa chumbani. Bendera nyekundu ikashushwa Kremlin, ikapandishwa ya Urusi.

Je, alinunuliwa? Mtu aliyenunuliwa hushika kitu. Huyu alipoteza cheo, nchi na chama. Ujerumani Magharibi ilitoa marki bilioni 12, pamoja na mkopo wa bilioni 3 usio na riba, kwa ajili ya kuwaondoa askari na kuwajengea nyumba. Hizo zilikwenda kwa serikali. Julai 1991 alikwenda London kuwaomba mataifa tajiri msaada mkubwa, akarudi bila wa maana. Mwaka 1996 aligombea urais wa Urusi akapata kura chini ya asilimia moja. Ushahidi wa kuuza haupo. Ushahidi wa makosa upo mwingi: aliachia midomo kabla ya kupanga bei, alichelewa kuamua kuhusu soko, na aliwaamini watu waliomgeuka.

Lakini mwanangu, usiruhusu binti amcheke babu yake. Uchungu wake una mizizi. Februari 1990 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, James Baker, alimwambia Gorbachev ana kwa ana kwamba NATO, muungano wa kijeshi wa Magharibi, haitasogea mashariki hata inchi moja. Maneno hayo hayakuandikwa kwenye mkataba wowote, na baadaye NATO ilisogea. Wapo wanaosema ilikuwa ahadi, wapo wanaosema yalikuwa mazungumzo ya Ujerumani peke yake. Halafu Januari 1992 bei zilifunguliwa Urusi na akiba za maisha za wazee zikayeyuka kwa miezi. Mzee aliyelishwa na kusomeshwa bure na nchi ile, akaona walimu wake wakiuza vyombo vya nyumbani barabarani, akisema "iliuzwa", anaeleza msiba alioushuhudia. Amekosea jina la muuaji tu.

Kwetu Afrika wimbi lilifika haraka. Makubaliano ya Desemba 1988 yaliwaondoa askari wa Kuba Angola na kuipa Namibia uhuru wake Machi 1990. Mengistu, mtawala wa Ethiopia aliyezoea silaha za Moscow, alikimbia Addis Ababa Mei 1991. Kenya ilirudisha vyama vingi Desemba 1991, na Tanzania, baada ya kazi ya Tume ya Nyalali, Julai 1992. Binti asiandike kwamba yote hayo yalitoka Moscow. Madai ya ndani yalikuwepo tangu zamani. Ila watawala waliona mwenzao amenyolewa, wakatia maji.

Kuhusu mtihani, amwone mwalimu wake wa somo ana kwa ana, wasitumiane ujumbe. Aulize kama insha inadai "sababu za kuisha kwa Vita Baridi" au "sababu za kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti". Msahihishaji akitaka hoja ya mashindano ya silaha, aiandike kama mzigo wa miaka mingi, kisha aongeze mafuta, bajeti, jamhuri na uamuzi wa kutotumia jeshi. Hiyo haimpunguzii alama.

Na sanduku. Msianike barua juani, msifute ukungu kwa kitambaa kibichi, msitie selotepu wala plastiki ya moto ya kulaminisha. Zenye ukungu zitenganishwe na nzima, ziwekwe kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu penye hewa, na anayezishika avae barakoa. Zipigeni picha zote kwa simu, mbele na nyuma, pamoja na bahasha, kwa sababu mhuri wa posta unabeba tarehe. Zilizoshikamana msizibandue. Hizo zipelekeni kwa watu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, au idara ya historia ya chuo kikuu kilicho karibu nanyi, waziangalie kwa macho yao. Kusikia maelezo ya simu hakutoshi. Na mama yako aombwe ruhusa kwanza. Barua ni zake.

Magazeti ya Kirusi babu mwenyewe ayasome kwa sauti, ayatafsiri, binti arekodi. Akae naye asubuhi, kabla hajachoka, na asianze na Gorbachev. Aanze na Mei mosi, 1986. Mtambo wa Chernobyl ulilipuka usiku wa kuamkia Aprili 26, kaskazini mwa Kiev, umbali usiofika kilomita 150. Siku tano baadaye, mionzi ikiwa imepanda mjini, gwaride la wafanyakazi liliachwa liendelee katika barabara ya Khreshchatyk, watoto wa shule wakapita na maua, na wazazi wao hawakuambiwa. Gorbachev hakuzungumza na taifa mpaka Mei 14. (Waliodhurika zaidi baadaye walikuwa watoto waliokunywa maziwa yenye iodini ya mionzi. Kama babu ana hofu yoyote ya afya kutokana na siku zile, amweleze daktari, asimalizie kwa wajukuu.) Amuulize alikuwa wapi siku ya gwaride, alisikia habari kwa nani mara ya kwanza, alimwandikia nini mama yako wiki ile. Kisha wafungue sanduku pamoja, waitafute barua ya Mei 1986 na wasome kama aliandika au alinyamaza.